Kwa Nini Maskati Hatupandi Masika

Wenzangu mnaobaki kitaluni, tangu nikabidhi funguo mmekuwa mkinipigia simu kuniuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Mteja ana jengo jipya la ofisi, anataka miti isimame mbele ya milango kabla ya ufunguzi wa mwezi wa tano, pesa anazo mkononi, na nyinyi mnatakiwa mumwambie angoje mpaka Oktoba. Mnaona haya kumwambia. Kanuni hiyo ni yangu, nimekuachieni kama mtu anavyowaachia jamaa zake paka mkali, kwa hivyo ni haki nikuelezeni ilikotoka. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuja nikiwa nimeshachoka, na mshahara hauna hadithi. Nitasema habari za miaka yangu ya mwanzo, kwa sababu karibu yote niliyokuwa nikiwafundisha hapo kitaluni Khoudh niliyajua kabla ya mwaka wa sabini, na baada ya hapo nilikuwa nikiyarudia tu kwa sauti kubwa zaidi.

Nilishuka Maskati Disemba ya mwaka wa sitini na nne, nikitokea Unguja kwa njia ya Mombasa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nna mashati mawili na ujuzi wa kuotesha miche ya mikarafuu, ujuzi ambao Maskati una faida sawasawa na ule wa kuvua samaki jangwani. Kwa nini tuliondoka sina haja ya kueleza. Aliyekuwapo anajua, na asiyekuwapo ameshahadithiwa na bibi yake mara nyingi kuliko anavyotaka. Mama yangu alibaki Mombasa kwa dada yake. Siku zile mtu haingii nchi hii kwa kujisikia tu. Lazima mtu mwenye jina aende kwa wakubwa aseme: huyu ni wangu, mimi namdhamini. Mimi nilipata wa kunidhamini kwa bahati ya ujamaa, Mama hakupata. Nilimwacha gatini nikamwambia ni miezi michache tu, naye akaitikia kama mama anavyomwitikia mtoto anayemwahidi kumnunulia jumba.

Kazi nilipewa na Ami Khalfan. Hakuwa ami yangu wa damu, lakini alikuwa mtu wa makamo, na kwetu mtu wa makamo anayekupa kazi ugenini huwezi kumwita kwa jina tupu. Pemba alikuwa mkaguzi wa mashamba ya mikarafuu. Hapa aliajiriwa na Sheikh Mohsin, mfanyabiashara wa Matrah ambaye baba yake alikuwa na duka Unguja, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri sana mpaka akasirike, hapo kikageuka Kiarabu chote. Sheikh Mohsin alikuwa akijenga safu ya ofisi na maghala kwenye uwanda wa Ruwi, ng'ambo ya milima, ayakodishe kwa makampuni ya kigeni yaliyoanza kunusa mafuta. Watu wa Matrah walimcheka. Ruwi wakati huo ilikuwa changarawe, upepo, na mbuzi wa watu. Yeye alisema mgeni hakodi kuta, hukodi anachokiona akiteremka garini, na akataka mbele ya majengo yake pawe na miti.

Siku yangu ya kwanza Ami Khalfan alinipa mtarimbo, akaniambia niunyanyue niuachie udondoke chini.

"Umesikia nini?"

"Chuma, Ami."

"Sikiliza tena. Ukilia, chini jiwe, ondoka. Ukinyamaza, chini pana udongo, chimba."

Nilishinda kutwa nikiudondosha mtarimbo uwandani kama mwendawazimu, na wachunga mbuzi walikaa kutazama. Lakini mpaka leo naweza kukwambieni ardhi ya Ruwi ilivyo kwa kusikiliza, na nyinyi wenye mashine zenu za kukodi kutoka mtaa wa Ghala mnavunja meno ya mashine kila msimu. Alinifundisha mengine pia. Mche haushikwi shingo, hushikwa debe lake. Sururu hunolewa asubuhi, kabla ya jua kupata nguvu, kwa sababu chuma cha moto hunoleka uongo. Nafasi baina ya mti na mti hupimwa kwa kitu kimoja siku zote. Yeye alipimia bakora yake, ileile aliyopimia mikarafuu. Mwaka mzima wa sitini na tano tulichimba mashimo na kuotesha miche kwenye madebe ya mafuta: miarobaini ya kupanga mbele ya ofisi, mikungu ya malangoni, mikunazi ya nyuma kuzuia vumbi.

Machi ya mwaka uliofuata tukapanda. Niwaeleze ilivyokuwa, maana hamtaona tena. Ami Khalfan alipika wali wa sadaka, na watu wetu wote waliokuwa na kazi Matrah, makarani, mafundi cherehani, wauza duka, walivuka mlima kuja kupanda pamoja nasi. Ilikuwa masika, na masika kwetu mtu hupanda, hata mwenye kiambaza kimoja tu hukosi kumwona anachomeka kitu. Tulisoma Fatiha, kila mtu akashika mche wake. Fundi mmoja wa cherehani alikuja na mwavuli. Tulimcheka, lakini nakwambieni kweli, wengi wetu tulikuwa tukitazama juu. Hapakuwa na wingu.

Mnaweza kuuliza kwa nini hatukuwauliza wenyeji. Wenyeji walikuwa na mitende yao kwenye bustani za falaji, ile mifereji ya kuteremshia maji ya chemchemi, maji yakipita mguuni mwa mti kiangazi na baridi, na mwenye falaji hupanda atakapo. Sisi tulikuwa na kisima kimoja na punda. Mti wa kivuli mbele ya ofisi Ruwi hapakuwa na mtu aliyewahi kuupanda, kwa kuwa ofisi zenyewe hazikuwapo.

Miti ilipendeza Aprili yote. Sheikh Mohsin akawa analeta wageni kutazama. Mwezi wa tano ikaanza gharbi, ule upepo wa moto unaotoka bara, na mnaujua, ukikupiga usoni unadhani mtu kafunua tanuri. Mwezi wa saba majani yalikuwa kama tumbaku. Watu husema mwarobaini ni dawa ya maradhi arubaini. Nadhani la arubaini na moja ni Ruwi. Ami Khalfan akasema maji hayakutosha, na Sheikh akanunua punda wengine.

Siku aliyowanunua, Sheikh Mohsin aliniita pembeni. Alijua habari za Mama, nilikuwa nimemweleza, na hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mfanyabiashara.

"Ya Nassor, sikiliza waladi. Nikienda kwa wakubwa kumwombea mama'ko, wataniuliza: huyu mtu wako ana kazi ya kudumu? Nami nna ofisi tupu na miti mikavu. Niwaambie nini?"

"Na zikipata mpangaji, Sheikh?"

"Zikipata mpangaji, bustani itataka mtu, na mtu atataka mama'ke. Hapo nna maneno."

Kwa hivyo mjue tangu sasa kilichokuwa kikinipa usingizi mwembamba. Mama yangu alikuwa amekaa Mombasa kwenye chumba cha dada yake, na mlango wake wa kuingilia Maskati ulikuwa mwarobaini.

Novemba ya mwaka huohuo lori la saruji lilirudi nyuma bila ya kutazama likabomoa pembe ya lango. Ukuta ulipotengenezwa, kiraka kikaonekana, na Sheikh akataka miche mitatu ipandwe hapo kukificha. Ami Khalfan hakutaka kusikia.

"Vuli hupandwa kunde," alisema. "Mti ni masika. Kapande wewe, mie usinitie."

Nikaenda peke yangu na miarobaini mitatu. Wali haukuwapo wala fundi wa mwavuli, Fatiha niliisoma mwenyewe. Sikuwa na nia ya kuvumbua kitu. Nilikuwa nikificha kiraka.

Machi tukapanda tena safu nzima, kwa wali na watu na punda wawili zaidi, na mwezi wa saba ikafa tena. Asubuhi moja ya kiangazi hicho nilipita langoni nikaiona ile mitatu ya kiraka imetoa majani mapya, mekundu kwenye ncha, laini, katikati ya gharbi. Nilisimama pale mpaka punda akanisukuma.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilichukua sururu nikafukua mti mmoja mkavu wa Machi. Mizizi ilitoka na umbo la debe, pembe nne, kama imo debeni bado. Maji yote yale tuliyoyabeba yalikuwa yakipita pembeni yake, mti hauna mkono wa kuyafikia. Kisha nikafukua ubavuni mwa mmoja wa Novemba, pole pole, kwa mikono. Mizizi ilikuwa imepita urefu wa mkono wangu na inaendelea kushuka, minene, kwenye udongo ambao hata kiangazi ulikuwa na baridi kidogo. Haikuwa na shida na punda wetu.

Niwaeleze sababu yake kama nilivyoielewa siku ile, na vitabu vyote nilivyosomeshwa baadaye havikuniongezea mengi. Jua la kiangazi likivunjika, hewa hupoa upesi, lakini udongo hukaa na uvuguvugu wake wiki nyingi. Majani hayadai kitu, mizizi inafanya kazi. Mti unapata vuli nzima na baridi nzima kujenga chini, na zikinyesha zile mvua chache za Januari, zinaukuta umeshafungua mdomo. Gharbi ikija, inakuta mti una nyumba. Wa Machi ni kinyume: unapandwa, joto linapanda nao, majani yanadai maji ambayo mizizi haijajua yaliko. Tulikuwa tukiipeleka vitani miche iliyoshuka melini jana.

Nilimwita Ami Khalfan baada ya sala ya alasiri nikamwonyesha vitu viwili hivyo, lile donge la pembe nne na ile mizizi mirefu. Alikaa juu ya debe. Akaligusa donge kwa bakora.

"Funika huo mzima," alisema, "usije ukauwa na huo." Akanyanyuka akenda zake.

Nilidhani tumemaliza. Januari akaniambia niandae miche ya masika. Nilimuuliza kwa adabu yote niliyokuwa nayo iwapo amesahau nilichomwonyesha.

"Sijasahau," alisema. "Macho nnayo. Lakini nikiacha kupanda masika, Nassor, nami n'shakubali kuwa sirudi tena."

Nilimpenda sana mzee yule wakati ule, na nilijua kuwa nitamvunjia heshima, na nilihuzunika kwa yote mawili.

Februari ya sitini na nane Sheikh Mohsin alituita ofisini kwake Matrah. Tulinywa kahawa, tukala halua, kisha akatoa habari. Kampuni moja ya kigeni ya kukodisha mitambo itamtuma mtu wake Aprili kutazama majengo. Alitaka miti imesimama.

"Tutapanda masika hii, inshaallah," alisema Ami Khalfan.

"Hatupandi," nilisema mimi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu nililihisi palepale. Sheikh Mohsin aliweka kikombe chini.

"Kasema nani?"

"Nimesema mimi, Sheikh. Tukipanda Machi, Aprili itapendeza na Julai itakufa, mara ya tatu. Huyo mtu akikodi, atakaa na miti mikavu mlangoni, na mwakani atahama. Niachie nipande joto likivunjika."

"La. Aprili anakuja. Nimwonyeshe mashimo?"

"Mwonyeshe mashimo."

"Na mama'ko?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza, na sikunyamaza. Nilikuwa nimeiona mizizi kwa macho yangu, nimeipima kwa mkono wangu. Nilisema, "Kiangazi cha mwakani kikimalizika, kama safu haijasimama, usimwombee mama'ngu kwa mtu yeyote. Sitakuuliza tena."

Ami Khalfan aligeuka akanitazama kama nimevua nguo.

"Umemweka mama'ko rehani kwa mwarobaini?"

"Kwa vuli, Ami," nilisema.

Sheikh Mohsin alisema kwa Kiarabu maneno ambayo sitayaandika, kisha akasema tayyib, na tukatoka. Njiani kuvuka mlima Ami Khalfan hakunisemesha. Hakunisemesha kazini vilevile, mpaka Ramadhani ya mwaka huo ikawa karibu. Alikuja kila siku, akakaa kivulini, akanitazama nikikosea vitu vidogo bila ya kunirekebisha, na hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

Tangu Februari ile mpaka Oktoba sikukaa bure, na hili mlishike, kwa sababu wateja wanadhani kungoja Oktoba ni kulala. Tulipanua mashimo, mapana mara tatu ya debe, tukavunja ile tabaka ngumu ya chini kwa mtarimbo. Tukaleta mashapo ya wadini, yale mabonde makavu yanayopita maji ya mvua, na samadi ya mbuzi, na kutoka Qurayyat tukaleta kwa mashua magunia ya dagaa wakavu, maana watu wa pwani ile huwalisha ng'ombe na mitende kwa dagaa na wote wawili wananawiri. Tukafukia dagaa mashimoni waive polepole. Nilisahau kuwahesabu paka. Paka wa Matrah walivuka mlima kama Ami Khalfan na mafundi cherehani walivyovuka, na siku aliyokuja yule mtu wa mitambo alikuta mbele ya ofisi za Sheikh Mohsin mashimo matupu yenye harufu ya soko la samaki, na kila shimo na paka wake anachimba. Alifunika pua kwa kitambaa, akaingia garini, akenda kukodi nyumba kwengine. Sheikh Mohsin hakunifokea. Alinitazama tu, na mimi nikaona Mombasa inakwenda mbali.

Mwanzo wa Oktoba nilianza kuupima udongo. Watu wa hapa wanaangalia nyota ya Suhaili, nayo ikichomoza wanajua joto limeanza kulegea. Ni kweli, lakini nyota haijui changarawe ya Ruwi. Mimi hutia mkono shimoni adhuhuri, mpaka kiwikoni. Ukiona unataka kuutoa, bado. Ukiweza kuuacha humo ukapiga soga na mwenzako, panda. Mmenicheka miaka mingi kwa hilo na mmenunua vipima joto vyenu, navyo vinakubaliana na mkono wangu kila mwaka.

Asubuhi ya kupanda nilikuwa na vibarua wawili na miche imejipanga. Nikamwona Ami Khalfan anakuja na sufuria mgongoni mwa punda, na nyuma yake makarani, wauza duka, na yule fundi cherehani, safari hii bila ya mwavuli. Hakunisalimia. Alitembea mwanzo wa safu mpaka mwisho, akaweka bakora chini baina ya shimo na shimo.

"Mstari wako umepinda," alisema.

"Naam, Ami."

"Nyoosha. Wali utapoa."

Tukasoma Fatiha, tukapanda. Alipofika kwenye mche wake alikaa chini kabisa, akaushika kwa debe na si kwa shingo, na nilimsikia anasema polepole, si kwangu, "Masika tumeyaacha kwao." Kisha akataka maji.

Baridi ile miti ilisimama bila ya kufanya kitu, na Sheikh Mohsin kila akija aliuliza mbona haikui. Mteja wenu naye atauliza. Mwambieni inakua, ila kwa chini. Maji tulitumia nusu ya yale ya zamani na punda wakapata mapumziko, vibarua hawakuzimia kwa jua, na msimu wa wageni wa biashara, ambao ni baridi, ulikuta mbele pamenyooka na kijani kidogo. Hizo ndizo faida zenyewe, wala hakuna siri nyingine.

Mwezi wa tano gharbi ikaja. Mimi ni mtu wa kujiamini, na nilijiamini, lakini nilikuwa nikipita kila asubuhi nikigusa majani kama mtu anayempima mtoto homa. Mwezi wa sita machache yalianguka. Mwezi wa saba miti ikatoa majani mapya yenye ncha nyekundu, safu nzima, isipokuwa michache pale nilipoudharau mtarimbo. Yule mtu wa mitambo alirudi mwezi wa nane. Alikokwenda kukodi gari lake lilikuwa likimchoma mikono kila akilifungua na vumbi lilikuwa likiingia mpaka kwenye droo, na mtu kamwambia pale kwenye paka sasa kuna kivuli. Kilikuwa kivuli cha kutosha mlango mmoja wa gari. Alifungua mlango huo mmoja, akakaa humo kidogo, akaingia ndani kwa Sheikh Mohsin, na walipotoka wote wawili walikuwa wakicheka. Ukiona vyaelea vimeundwa.

Sheikh Mohsin alishika neno lake. Alikwenda kwa wakubwa mara nyingi, maana kwa wakubwa siku zile huendi mara moja, na ruhusa ikatoka Aprili ya mwaka wa sabini. Alituita tena ofisini, mimi na Ami Khalfan.

"Mama'ko anaweza kuja," alisema. "Nimwambie wakala wa Mombasa ampandishe meli ya lini?"

Ujuzi una ulevi wake. Nilijibu bila ya kupumua: "Oktoba, Sheikh. Ni mtu mzima, na kifua chake kibovu. Akija sasa gharbi itamkuta hajazoea. Aje vuli, apate baridi nzima ya kuzoea, kiangazi kimkute imara."

Sheikh Mohsin akamtazama Ami Khalfan.

"Mama si mche, Nassor," alisema Ami Khalfan.

"Kila chenye uhai, Ami," nilisema, na jibu langu lilinipendeza mno.

Katikati ya Juni, mchana, mpagazi wa forodhani Matrah alikuja mbio mpaka Ruwi. Alisema kuna bibi mmoja kashuka kutoka meli ya Bombay, amekaa juu ya sanduku lake, hataki kuingia kivulini wala kuondoka mpaka mwanawe aje. Nilipanda lori la kwanza lililopita. Nilimkuta kama alivyoelezwa, amevaa buibui, miguu imevimba, anajipangusa uso kwa ncha ya kanga aliyoilowesha. Alikuwa amezunguka mpaka Bombay kwenye bahari ya mwezi wa sita akitapika njia nzima. Nilimbusu mkono. Na badala ya kusema neno la mtu, nikaanza kumweleza habari za joto.

"Mama, mimi nilisema Oktoba."

"Nilisikia. Wakala alinisomea. Mwanao anasema uje vuli. Nikamuuliza, kwani mie mche?"

"Gharbi hii Mama, mtu hajazoea—"

"Wewe ulikuja mwezi gani?"

"Disemba."

"Ndo maana," alisema. "Ulikuja na baridi, ukashika mizizi vizuri, mpaka ukaweza kuniambia mie ningoje."

Nililia palepale forodhani, mbele ya wapagazi, mimi niliyesimama kwa Sheikh Mohsin bila ya kupepesa jicho. Aliniacha nilie. Kisha akanipa ile ncha ya kanga nijipanguse, akanyanyuka, akaniambia nibebe sanduku.

Kiangazi kile kilimtesa. Tulimlaza juu ya paa kwa shuka za maji, Ami Khalfan akimletea ndimu na kuniambia mbele yake kuwa alinionya. Aliishi na mimi miaka mingi baada ya hapo. Alililalamikia joto la Maskati kila mwaka mpaka alipofariki, na kila mwaka alikuwapo kulilalamikia.